'Get' imenipeleka hospitali

Majira ya baridi yaliyopita niliteleza kwenye barafu nje ya duka, hapa Tampere, Ufini, na mfuko wa viazi mkononi. Viazi vilipona. Kifundo cha mkono ndicho kilichovunjika. Kesho yake, kwa ule mkono mzima, nikamwandikia mama mmoja ninayefanya naye kazi: Pääsin eilen sairaalaan. Nilitaka ajue kwamba jana nimepelekwa hospitali. Akajibu papo hapo: Onneksi olkoon! Yaani hongera, na kopa mbili juu yake. Alidhani nimepata kazi hospitali.

Kosa si lake. Kosa ni la 'get' ya Kiingereza.

Nikifungua daftari langu la kozi ya Kifini naona safu mbili: kushoto Kifini, kulia Kiingereza. Upande wa kulia hilo neno limegongwa kama mhuri wa ofisi. Saada, 'get'. Päästä, 'get'. Joutua, 'get'. Hakea, 'get'. Ehtiä, 'get there in time'. Mwalimu alitufafanulia kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha iliyotuunganisha darasani, simlaumu. Lakini sisi wawili tuliotoka Uswahilini tulikuwa tunapelekwa njia ya mzunguko wakati kwetu kuna uchochoro unaofika moja kwa moja.

Kiingereza kimeifanya 'get' kama mfuko wa rambo enzi zile haujapigwa marufuku: kila kitu kinatumbukizwa humo. Kulewa, kulowa, kukasirika, kuzeeka, vyote ni 'get' na kitu kingine nyuma yake. Sasa tazama Kifini: humaltua, kastua, suuttua, vanheta. Kitenzi kimoja, basi, kama chetu. Mswahili anayepita kwa Kiingereza analivunja neno lake vipande viwili, halafu anahangaika kuviunga tena kwa Kifini. Ya nini?

Kilichonifurahisha zaidi ni pale Mwingereza anaposema amem-'get' mtu acheke. Sisi tunasema nimemchekesha. Na Mfini? Nauraa ni kucheka, naurattaa ni kuchekesha. Syödä ni kula, syöttää ni kulisha. Juoda ni kunywa, juottaa ni kunywesha. Siku nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye ratikka, yaani tramu, na nusura nipitilize kituo. Kifini si ndugu wa Kiingereza, ndugu zake ni Kiestonia na, kwa mbali, Kihungaria. Wala si ndugu wa Kiswahili. Ila kwa kazi hii ya kubandika viambishi, wao na sisi tumekaa jiko moja.

Ehtiä nayo. Ni kuwahi tu, hakuna zaidi. Ehdin junaan: nitaiwahi treni. (Angalizo dogo: 'sijawahi' yetu ya kusema hujafanya kitu tangu uzaliwe, hiyo Mfini haiweki kwenye ehtiä. Ukisema en ole ehtinyt, anaelewa hujapata nafasi.) Nousta ni kuamka, na ndiyo hiyohiyo kupanda basi. Saada kwa kawaida ni kupata: kazi, barua, mafua, mtoto. Pia ndiyo ya kuombea ruhusa, Saanko tulla?, naruhusiwa kuja?

Hakea ina mtego wake. Hae maitoa kaupasta ni kama kumwambia mtoto nenda dukani kalete maziwa. Lakini hakea ndiyo pia kuomba kazi. Mwenzangu aliingia darasani siku moja anang'aa, akatangaza hain töitä, akidhani amesema kazi kapata. Mwalimu akamtia moyo aendelee tu kuomba.

Turudi kwenye hospitali yangu, maana hapo ndipo hata Kiswahili kinapoishiwa. Päästä na joutua zote zinakufikisha mahali. Tofauti ni je, ulikutaka? Pääsin yliopistoon, nimechaguliwa chuo kikuu, furaha. Jouduin sairaalaan, nimejikuta hospitali, pole. Ukisema pääsin töihin, kazi umeipata. Ukisema jouduin töihin, labda ni Jumapili, mwenzako anaumwa, zamu imekuangukia wewe. Mlango ni uleule, kitenzi ndicho kinachomwambia msikilizaji akupe hongera au akupe pole. 'Get' imenyamaza kabisa juu ya hilo, na mimi niliyejifunza kwa 'get' nilinyamaza nayo.

Kupata yetu inasema kidogo kuliko joutua, maana tunapata kazi na tunapata ajali kwa kitenzi kilekile. Ila geuza kauli: amepatwa. Hapo hakuna anayesubiri habari njema. Anayepatwa, kapatwa na msiba. Hata jua likipatwa, wazee walitoka nje na wasiwasi. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijafungua mdomo, najiuliza kwa Kiswahili: hiki nimekipata au kimenipata? Kama kimenipata, natumia joutua. Haipatii kila mara (kwenye foleni, jouduin odottamaan ni ilinibidi nisubiri, hakuna aliyepatwa na kitu), lakini imeniokoa mara nyingi kuliko lile daftari.

Safu ya kulia nimeifuta kwa kalamu nyeusi, nimeandika Kiswahili juu yake. Darasani waliniangalia kama mtu anayeharibu mali ya umma.

Wiki sita baada ya kuanguka, hogo lilikatwa. Nikiwa bado kwenye korido, na mkono umesinyaa, unanuka, nikamwandikia yule mama: Pääsin kipsistä! Nimetoka kwenye hogo. Akajibu: Onneksi olkoon! Na kopa mbili.