Rufaa huanza siku hukumu inaposomwa

Mjomba wangu, mkulima wa zabibu katika mkoa huu wa Dodoma, alishindwa shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alipomaliza kusoma hukumu alitamka maneno yanayotamkwa kila siku mahakamani, kwamba haki ya rufaa imeelezwa, na mjomba akatoka nje akiamini kwamba huko juu atapewa nafasi ya kuwaleta mashahidi ambao hakuwaleta mara ya kwanza. Akasubiri nakala ya hukumu. Ilipotoka, siku 30 zilizowekwa na sheria za kupeleka rufaa Mahakama ya Wilaya zilikuwa zimekwisha kupita, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo sheria haimlazimishi mrufani kuambatanisha nakala hiyo.

Katiba yetu, katika ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Hata hivyo wengi wetu tunaielewa rufaa kama shauri jipya mbele ya mtu mwenye cheo kikubwa zaidi, na mjomba naye alikuwa na kosa hilo. Mahakama ya rufaa haimwoni shahidi akisitasita wala haisikii sauti yake ikibadilika. Inasoma mwenendo wa shauri kama ulivyoandikwa na hakimu, inapima kama ushahidi ulichambuliwa sawasawa na kama sheria ilifuatwa, na ushahidi mpya huupokea kwa nadra tena kwa sababu maalumu. Rufaa ya kwanza inaweza kuupitia ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Ya pili hujishughulisha zaidi na hoja za kisheria. Kwa hiyo jambo lisiloandikwa kule chini, hata kama lilisemwa kwa machozi, huko juu halipo.

Sisemi hivyo kwa kuidharau kazi ya mahakama za juu. Mwaka 1994 Mahakama Kuu hapa hapa Dodoma, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kabisa nchini, ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikaona kwamba ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, inairuhusu, na hivyo ikautengua uamuzi huo. Moyo wangu uko upande wa Jaji Mwalusanya hadi leo. Lakini naheshimu kwamba swali zito kiasi hicho halikuishia kwa mtu mmoja, na kwamba majaji watatu walilazimika kuandika sababu ambazo mimi raia ninaweza kuzisoma na kuzipinga. Mwaka 2019 mambo yalikwenda vingine: Serikali ndiyo iliyokuwa mrufani, ikitaka kuviokoa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Mashauri hayo yalifika mbali kwa sababu yalikuwa na mawakili waliojua tarehe na kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Leo Mahakama ya Tanzania ina makao makuu mapya hapa Dodoma, jengo kubwa linaloyapendeza macho ya kila anayelipita, nami najivunia kuwa nalo jirani. Ninachoomba ni kwamba uangalifu huo huo ushuke hadi kwenye meza ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna kizuizi cha lugha: mshindwa apewe siku ile ile karatasi moja inayotaja mahakama ya kwenda, tarehe ya mwisho ya kufungua rufaa, na kama nakala ya hukumu inahitajika au haihitajiki. Kuelezwa kwa mdomo, wakati mtu bado anatetemeka kwa kushindwa, si kuelezwa.

Mjomba sasa anaandaa maombi ya kuongezewa muda, na msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa. Jioni huketi na binti yake na daftari la shule, wakiorodhesha siku alizofuata nakala, siku alizoambiwa karani hayupo, na siku alizobaki nyumbani kwa kukosa nauli. Wamefika siku ya 41.