Kangomba, mizani na paundi: nani anapima mazao ya kusini?

Nyumbani kwa mjomba wangu, Newala, kuna bakuli la bati ambalo kitako chake kiligongwa kwa makusudi mpaka kikatutumka kwa nje, na siku hizi linatumika kunyweshea kuku. Liliachwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita kijijini kila mwaka kati ya Februari na Aprili, wakati ambapo chakula kimekwisha na mikorosho haijatoa hata ua, akikopesha fedha au mahindi kwa makubaliano kwamba Oktoba atarudi kulipwa korosho, bakuli kwa bakuli. Ile nundu ya kitakoni, ambayo mkopaji haioni kwa kuwa bakuli limekaa mchangani, ndiyo iliyokuwa faida yake ya ziada. Kangomba, ambayo leo inatajwa kwenye hotuba kama biashara haramu, kwetu ni jina la kipimo kwanza.

Nimelikumbuka bakuli hilo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu utandawazi na maendeleo endelevu, hasa yanayofanyika kwenye kumbi za hoteli, huzungumzia jamii za Mtwara na Lindi kama watu waliokutwa wamelala na soko la dunia, kisha likawaamsha kwa kishindo. Mimi siamini hivyo. Soko la dunia ni jirani yetu wa siku nyingi, na kuja kwake peke yake hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo limekuwa ni nani anayeshika kipimo pale mali inapobadilisha mikono, iwe ni mali ya shambani, ya msituni au ya baharini. Kijiji kinachoshika kipimo chake huweza kukaa na mgeni wa aina yoyote na bado kikabakiwa na kitu cha kuwaachia watoto, lakini kijiji kinachopimiwa na mgeni huishia kuuza hata mbegu.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kukuta mji ulionawiri kwa dhahabu iliyotoka upande wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, na masultani wa mji huo walikuwa wakifua sarafu zao wenyewe za shaba. Mkorosho nao si mti wetu wa asili, kwani uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na wazee wetu waliupokea, wakaupanda mpaka ukaonekana kana kwamba uliota wenyewe kwenye uwanda wa Makonde. Hakuna aliyewaandalia semina.

Kinyume chake ni mradi wa karanga. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu watatu waliozunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka ndani ya ndege, na kwa vipimo hivyo vya angani Nachingwea ikaingizwa kwenye mpango wa kulima karanga za kukamulia mafuta kwa ajili ya jikoni za Uingereza. Kazi ilianza mwaka 1947, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umefutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, huku mikoa ya kusini ikibakiwa na bandari ya Mtwara na reli ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sidhani kama mkulima yeyote wa Nachingwea, aliyejua mvua ya kwao inavyokuja na inavyokatika, aliulizwa swali hata moja.

Turudi kwenye korosho, maana hapo ndipo penye mengi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, na msimu wa 1986/87 mavuno yakawa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho mbali, bei ikawa haimlipi mtu hata jasho la kupalilia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Zao lilifufuka kwa utafiti wa kituo cha Naliendele, kwa salfa ya unga na kwa ukaidi wa wakulima wenyewe, ingawa wakati wote huo kipimo kiliendelea kuwa cha mnunuzi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa karatasi ya kuzipokea, kisha zinauzwa kwa mnada, ulipoanza Mtwara katika msimu wa 2007/08, mabadiliko makubwa kwangu mimi hayakuwa mnada wala ile karatasi, bali mizani iliyowekwa kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, mahali ambapo kila mtu anaona mshale umesimama wapi. Ninajua kasoro za mfumo huu, kwa kuwa nimekaa kwenye foleni ya malipo yaliyochelewa na nimesoma orodha ya makato ambayo karani mwenyewe alishindwa kuieleza. Hata hivyo, mtu aliyewahi kupimiwa kwa bakuli la nundu hawezi kuidharau mizani. Nguvu ya kuona kilo zako zikisomwa hadharani ndiyo iliyowafanya wakulima wa Tandahimba na Newala, Oktoba 2018, waikatae bei ya mnada mbele ya wanunuzi, wiki chache kabla Rais Magufuli hajaagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kama agizo lile lilitusaidia, na kwetu ubishi huo haujaisha, lakini kule kukataa kulikuwa kwetu.

Lakini mizani ya kilo ni nusu tu ya upimaji. Sisi tunauza kilo za korosho ghafi, ilhali mnunuzi kutoka Vietnam au India, ambako sehemu kubwa ya korosho yetu hupelekwa kubanguliwa, hahesabu kilo hizo. Anahesabu paundi (paundi moja ni karibu gramu 454) za kiini kitakachopatikana kwenye gunia la kilo 80. Huchukuliwa sampuli ya kilo moja, kila korosho inakatwa katikati, kisha viini vinatengwa: vizuri upande huu, vyenye madoa au vilivyosinyaa upande ule, vilivyooza pembeni kabisa. Vizuri vinahesabiwa uzito wote, vyenye kasoro ndogo vinahesabiwa nusu, na vilivyooza havihesabiwi. Ikitoka jumla ya gramu 280, basi gunia lina paundi 49 na kitu, na hiyo ni korosho nzuri. Baada ya kubanguliwa, kiini hicho kinapimwa tena kwa lugha nyingine, kwa mfano daraja la W320, maana yake ni viini vizima na vyeupe vinavyofika kati ya 300 na 320 katika paundi moja. Nimekutana na wakulima wa miaka 30 shambani ambao hawajawahi kusikia habari ya paundi hizi, na sio kwa sababu ni wazito wa kuelewa. Hakuna aliyeona haja ya kuwaambia.

Ndiyo maana ninapounga mkono ubanguaji wa nyumbani, sababu yangu si ile ya ajira inayorudiwa kila kampeni. Mama anayebangua kwa mkono barazani, akipaka majivu vidoleni ili maji ya ganda yasimuunguze, anajua kwa macho na vidole kilichomo ndani ya gunia: anajua zile zilizoanikwa siku mbili na zile zilizolala sakafuni zikavuta unyevu, anajua shamba lipi lilichelewa kupuliziwa. Huyo ukimwandikia daraja la pili kwa korosho yake ya daraja la kwanza, atakuuliza. Viwanda vikubwa vilivyojengwa kwa mikopo ya nje katika miaka ya 1970 na 1980 vilisimama, vingine vikageuzwa maghala, na pamoja navyo tulipoteza kizazi kizima cha watu wenye ujuzi huo.

Mfano unaonipa moyo zaidi uko Kilwa, kwenye mpingo. Mti huu unaopendwa na mafundi wa klarineti na obo huko Ulaya na Marekani huchukua miongo saba na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo anayeupanda leo haupandi kwa ajili yake. Kwa miaka mingi wavunaji waliingia na vibali vya mjini, wakachagua magogo manyoofu, wakaondoka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao wenyewe, na vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, vikapata mwaka 2009 cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, miongoni mwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Utaratibu wake hauna miujiza. Kamati ya maliasili ya kijiji inaihesabu miti, inaamua ni mingapi itauzwa, inapima mzingo wa gogo kwa futi kamba na kuligonga nyundo yenye alama ya kijiji kabla halijapandishwa kwenye lori. Fedha inaingia kijijini na matumizi yake yanajadiliwa kwenye mkutano mkuu, palepale mbele ya watu wenye midomo mikali kuliko mkaguzi yeyote.

Cheti hicho chenyewe ni mali ya utandawazi, nami sioni aibu kulisema. Kipimo kilitungwa mbali, kikaletwa, na watu wa Kilwa wakakishika kwa mikono yao. Sasa kinakuja kingine: kanuni iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa, inataka mbao zinazoingia huko zionyeshe zilikatwa sehemu gani hasa ya ardhi ili ithibitike kwamba hazitokani na msitu uliofyekwa. Kijiji chenye ramani na kumbukumbu za miti yake kitajibu, lakini kisichokuwa nazo kitajibiwa na mtu mwingine, na huyo mtu atadai ujira wake.

Nisipotaja ufuta nitakuwa mnafiki. Lindi inaongoza kwa zao hili, bei yake imejenga nyumba nyingi za bati, na wakati huohuo mashamba mapya ya ufuta ndiyo yanayomega misitu ya Kilwa na Liwale kuliko shoka la mpingo. Mtu yuleyule anayeketi kwenye kamati ya misitu Jumatatu anaweza kuwa anafyeka pori Jumatano, na simlaumu kwa urahisi, kwa sababu ekari ya ufuta inampa fedha mwaka huu na mpingo utampa mjukuu wake. Hapa sioni kipimo kilichotungwa na yeyote, si sisi wala wageni. Mbaazi nazo zilitufunza somo hilo kwa ukali mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje na bei ikaanguka kiasi kwamba wengine waliziacha zikauke shambani.

Visiwani na mwambaoni mambo ni mepesi kidogo. Wavuvi wa pweza wa kisiwa cha Songosongo, Kilwa, wamejaribu kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, wakitegemea kwamba mnunuzi wa kuwapeleka Ulaya analipia uzito. Kalenda ya kufunga na kufungua inapopangwa na wanaokwenda mwambani wenyewe, wakiwemo akina mama wanaovua kwa fimbo maji yakikupwa, inaheshimiwa.

Msimu uliopita vijana wanne wa chama chetu walinunua mizani ndogo ya gramu na kisu cha kukatia korosho, wakapima sampuli chini ya mkorosho wa mjomba kabla magunia hayajapelekwa kwenye ghala ambalo sitalitaja. Walipata paundi 50. Karatasi ya ghalani ilirudi na paundi 48. Kwenye mkutano karani alisema kwamba vijana hawana ujuzi, na mjomba, ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama akamwambia, "Sawa mwanangu, basi njoo utufundishe, na ukate mbele yetu." Ombi hilo limeingizwa kwenye muhtasari na halijajibiwa. Mnada wa kwanza ni Oktoba, na kisu kimeshanolewa.