Kufuta meseji LinkedIn: tunagombania kitufe ambacho sicho

Dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alinipigia simu jioni, sauti imemkauka. Mkataba wa kazi mpya umefika, mshahara ulioandikwa sio ule waliokubaliana, na yule mtu wa HR, yaani ofisi ya ajira, anasema hakumbuki kuahidi kiasi hicho. Nikamwambia mbona hilo dogo, si mliongea inboksi kule LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, fungua umtumie maneno yake mwenyewe ayasome. Akanyamaza. Kumbe wiki mbili nyuma alikaa akasafisha inboksi, maana zilikuwa zimerundikana meseji za watu wanaouza kozi na wale wa "naomba tuungane" ambao hata huwajui, akawa anagusa anafuta, anagusa anafuta, na mazungumzo ya HR yakaenda na maji.

Mimi yalinikuta ya upande wa pili. Nilimwandikia rafiki kwamba hapa nilipo nimechoka, natafuta pa kutokea, kama kuna nafasi kwenu nishtue. Nikatuma. Baada ya kama masaa mawili naangalia, jina la kwanza ni lilelile ila picha sio yake, nimemtumia mwenzangu wa ofisi hiyohiyo ninayotaka kuondoka. Nikaibonyeza ile meseji, menyu ikafunguka, neno la kufuta halipo. Nikafunga programu nikafungua tena. Halipo. Nilikaa na ile simu mkononi naangalia sehemu ya chini ya meseji pale panapoonyesha kama imesomwa, na moyo unakwenda mbio kweli.

Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kama mtumaji aruhusiwe kufuta anachotaka muda anaotaka, siwezi kuliona hilo swali kama jepesi, kwa sababu nimeona mtu akilia kwa kuwa meseji haipo na mimi nimekosa usingizi kwa kuwa meseji ipo.

Kwanza tuelewane kuhusu vitufe vyenyewe maana wengi wanavichanganya. LinkedIn ukituma meseji una dakika 60 za kuirekebisha au kuifuta, na ukiifuta ndani ya muda huo inaondoka kwako na kwa uliyemtumia, ila pale ilipokuwa panabaki maandishi kwamba meseji imefutwa. Zikipita hizo dakika imeshakuwa yake. Kitufe cha pili ni cha kufuta mazungumzo mazima, na hiki ndo kinachowadanganya watu, kwa sababu kinafuta upande wako tu. Mwenzako anaendelea kuwa nayo yote, kila neno uliloandika, na wewe ndo uliyebaki mikono mitupu, tena huwezi kuyarudisha. Alafu kuna kuhifadhi pembeni, yaani mazungumzo yanatoka kwenye orodha lakini yapo, na huyo mtu akikuandikia tena yanarudi juu. Vitu vitatu tofauti kabisa, na viwili kati yake vinaitwa kwa neno moja, kufuta.

Sasa wanaotaka mtumaji awe na nguvu zaidi wana hoja nzito. Ule mtandao umekuwepo tangu 2003, kuna watu wana miaka kumi na kitu ya meseji mle ndani. Uliyoyaandika ukiwa umetoka chuo unatafuta kazi kwa kupiga magoti, hasira zako kwa bosi wa zamani, ugonjwa uliomweleza mtu ili aelewe kwa nini miezi minane hukuwa kazini. Yote hayo yamekaa kwenye akaunti za watu ambao wengine hata hawakumbuki neno la siri lao. Akaunti ya mmoja wao ikidukuliwa, yako nayo yamesomwa, na wewe ulishafanya kila tahadhari upande wako. Na hofu ya siku hizi sio wadukuzi tu. Januari 2025 kule Marekani ilifunguliwa kesi ikidai meseji binafsi za wateja wa LinkedIn Premium, yaani wale wanaolipia, zimetumika kufundishia akili mnemba, kampuni ikakana na kesi ikaondolewa ndani ya siku chache, lakini kilichonigusa mimi ni jinsi watu walivyoshtuka, maana wengi ndo kwanza walikuwa wanakumbuka wameandika nini mle.

Na wenye mitandao wenyewe wanajua thamani ya kufuta. Aprili 2018 ilibainika kwamba meseji ambazo Mark Zuckerberg, bosi wa Facebook, aliwahi kuwatumia watu kwa Messenger zimetoweka kwenye inboksi za waliozipokea, majibu yao yamebaki yananing'inia yenyewe. Facebook ikasema ilifanya hivyo kwa usalama baada ya imeli za kampuni ya filamu ya Sony Pictures kudukuliwa 2014. Wakati huo mtumiaji wa kawaida hakuwa na uwezo huo hata kidogo! Kelele zikapigwa, na Februari 2019 wakampa kila mtu, dakika 10. Telegram wao mwezi uliofuata wakaenda mbali zaidi, kwenye mazungumzo ya watu wawili unafuta meseji yoyote ya muda wowote pande zote mbili, hata zile alizoandika mwenzako, na hakibaki kitu cha kuonyesha kulikuwa na nini. WhatsApp ilianza 2017 na dakika 7 tu, sasa hivi ni zaidi ya siku mbili. Ukiangalia hivyo dakika 60 za LinkedIn zinaonekana za uchoyo.

Ila hapo ndo nasimama kidogo, kwa sababu mtandao wa kazi sio sebuleni. Mle ndani watu wanaahidiana. Mshahara, tarehe ya kuanza, "usijali hilo tutaliweka kwenye mkataba", "tutumie sampuli ya kazi yako bure tukikupenda tunakulipa". Na anayeahidi karibu kila mara ndo mwenye nguvu, mwenye kazi, na anayeahidiwa ndo mwenye shida. Ukimpa mtumaji kifutio kisicho na mwisho umempa nani hasa? Umempa yule ambaye siku akigeuka neno lake anafungua simu, anafuta, halafu anakuambia kwa upole kabisa kwamba hakumbuki. Na mwanamke anayeandikiwa machafu na mtu aliyesema anataka kumsaidia kupata kazi, siku akienda kulalamika akute inboksi nyeupe, aonekane yeye ndo mzushi. Hilo likinijia kichwani ile hofu yangu ya masaa mawili naiona ndogo.

Kuna matapeli pia. Mwaka 2020 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitoa ripoti ya watu waliojifanya HR wa kampuni kubwa kwenye LinkedIn, wakawaandikia wafanyakazi wa kampuni za anga na za kijeshi Ulaya, ofa nono, maongezi mazuri ya kiungwana, mwishoni faili lenye virusi. Mtu akishaingia kwenye mtego kama huo, yale mazungumzo ndo nyayo za mwizi. Ukimruhusu mwizi azifagie anapotoka, mwenye mali anaanza uchunguzi na nini?

Hata wakubwa wanalazimishwa kutunza. Septemba 2022 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji iliyabana makampuni 16 ya fedha ya Wall Street kulipa zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa jumla, kosa likiwa wafanyakazi wao walikuwa wanaongea mambo ya kazi kwenye simu binafsi na programu kama WhatsApp bila kumbukumbu kutunzwa. Na ile sheria ya data ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo watu wanapenda kuitaja kwamba inakupa haki ya kufutiwa data zako, ni kweli inakupa, kifungu cha 17, lakini kifungu hichohicho kinasema haki hiyo haifiki pale data inapohitajika kudai au kujitetea kisheria. Yaani hata waliotunga sheria ya kufuta walijua kuna mtu mwingine upande wa pili wa meseji.

Basi mimi nimeegemea wapi? Kwa mtandao wa kazi naona ukomo wa muda ni sahihi, hata kama uliniumiza. Kama wangeongeza dakika 60 zikawa siku moja nisingegombana nao, kwa sababu makosa ya kumtumia mtu asiye mwenyewe mengi unayagundua siku hiyohiyo, na ahadi za mshahara mara nyingi huwa hazigeukwi ndani ya siku moja. Lakini ile alama ya "imefutwa" isiguswe kabisa. Mpokeaji anatakiwa ajue kulikuwa na kitu hapa kikaondolewa, akiona ana wasiwasi aulize. Na tusijidanganye kwamba kufuta ndani ya muda kunasafisha kila kona, mwenzako anaweza kuwa ameshapiga skrinshoti, au notifikesheni yenye maneno yako imeshaingia kwenye imeli yake, na huko hakuna kitufe chako kinachofika.

Lakini ndugu zangu, kinachoniuma zaidi ni kwamba huu ubishi wote ni wa kitufe cha kwanza, kile cha kufuta kwa mwenzako, na kinachoumiza watu ni cha pili. Yule dada hakufutiwa na HR. Alijifutia mwenyewe. Kwenye imeli ya Gmail ukifuta kitu kinakaa kwenye pipa la taka siku 30, unaweza kukifuata ukakitoa. Kwenye mtandao ambao watu wanapangiana mishahara pipa hakuna, unaulizwa mara moja kama una uhakika, na nani anasoma lile swali wakati anafuta meseji ya arobaini ya spamu? Kwa hiyo ukipima matokeo yake utaona ajabu, kile kitufe cha kulinda faragha hakilindi faragha yoyote, kwa sababu nakala ya upande wa pili iko palepale, kinachopotea ni ushahidi wako wewe tu. Mnyonge anajivua nguo mwenyewe huku anaamini anafunga mlango. Pipa la siku 30 lingelimaliza hili, na halimnyang'anyi mtu yeyote faragha yake.

Mpaka walete hilo pipa, tabia yangu imebadilika na nawaomba na nyinyi mjaribu. Spamu nafuta bila huruma, mtu msumbufu namripoti kwanza ndo namblok. Lakini mazungumzo yoyote yenye tarehe, hela au jina la kampuni sifuti, nayahifadhi pembeni, inboksi inakuwa safi vilevile. Na kabla ya usafi mkubwa naingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha ya data, naomba nakala ya data zangu, naweka tiki kwenye meseji. Inakuja linki kwenye imeli, ndani kuna faili unalolifungua kama jedwali la Excel, nani kaandika, lini, kasema nini. Ile linki usiiache ilale ukaisahau, inakufa baada ya siku tatu hivi. Na anayefikiria kufunga akaunti nzima ili meseji zake zipotee ajue kwamba zile alizowatumia watu zinabaki kwao, linaloondoka ni jina na picha yake.

Yule mwenzangu wa ofisini alisoma meseji yangu, akanijibu "nadhani hii haikuwa yangu, nimeshaisahau", na sijawahi kusikia neno lolote tena. Nilibahatika kuangukia kwa mtu mwema, sio kitu cha kujengea mfumo.

Yule dada tulikaa tukatafuta kwenye imeli yake, tukijua notifikesheni huwa zinakuja na kipande cha meseji. Tukaikuta. Ya tarehe ileile, jina la yule HR lipo, picha yake ipo. Imeandikwa "Habari za leo, nimeongea na meneja na amekubali kiasi ulichoomba, kwa hiyo tutaanza na", halafu nukta tatu.