Paneli pekee haziondoi giza

Makala ninayoijibu hapa inasema kwamba nyumba ikishawekewa paneli za sola juu ya paa, wenyewe hawatakaa gizani tena umeme unapokatika. Naomba kulisahihisha hilo, kwa kuwa majirani zangu hapa Likoni wamelipia mitambo wakiamini hivyo hivyo, na imeniuma. Paneli huzalisha umeme wa mkondo mnyoofu, na inveta ndiyo inayougeuza kuwa mkondo geu unaotumiwa na friji na feni. Lakini inveta ya kawaida iliyounganishwa na gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa umma, bila betri hujizima mara tu gridi inapokatika, hata jua la saa sita likiwa linawaka, ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo huenda fundi anazishika akidhani ni salama. Anayetaka taa usiku anahitaji betri, pamoja na inveta inayoweza kufanya kazi bila gridi.

Joto nalo halikutajwa. Nguvu iliyoandikwa kwenye paneli hupimwa seli zake, yaani vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na nyuzijoto 25, ilhali juu ya mabati yetu, hasa kaskazi inapovuma, seli zaweza kufika 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza nguvu hiyo kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Ni muhimu basi fundi aache nafasi ya upepo kupita kati ya paneli na bati. Tunaoishi karibu na bahari tudai pia skrubu zisizoshika kutu, kwani chumvi huzila zile za kawaida mapema mno.