Mafunzo ya wahudumu wa wazee yapimwe kwa mzee mwenyewe

Semina nyingi za kuwafunza wahudumu wa afya ya jamii kuheshimu tofauti za wazee huishia kwenye fomu. Mafunzo yalikupendeza? Mkufunzi alieleweka? Watu hutia alama, hupokea cheti na nauli, huenda zao. Fomu zikihesabiwa, mafunzo hutangazwa kuwa yamefaulu. Mimi sikubali. Tangu 1959 Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa kupima mafunzo, alieleza kwamba kuridhika kwa mwanafunzi ni ngazi ya kwanza tu. Zaidi ya hapo kuna alichojifunza, anavyofanya kazi baadaye, na kilichobadilika kwa anayehudumiwa.

Mombasa hatuna budi kuzipanda ngazi hizo. Katika mtaa mmoja wa Kisauni mhudumu anaweza kubisha hodi kwa bibi wa Kibajuni, akatoka hapo akaingia kwa mzee wa Kikamba aliyestaafu bandarini, kisha kwa mjane aliye edani. Wote hao Katiba ya 2010, kifungu cha 57, imewapa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na serikali.

Ninachokihofia zaidi ni mafunzo ya kugawa orodha: Waislamu wako hivi, Wahindi vile, Wagiriama vile. Orodha humpa mhudumu jibu kabla hajauliza. Aliyeambiwa Wahindi hawali nyama atashangaa akimkuta mzee wa Kibohora, Mwislamu mwenye asili ya India, na pilau ya mbuzi. Na kwa Mjaini, mfuasi wa dini ya Kijaini ya India, huenda akashauri viazi vitamu na karoti, ilhali wapo Wajaini wasiokula chochote kinachochimbwa ardhini.

Chukua Ramadhani. Mzee ana sukari na amekusudia kufunga. Mhudumu aliyefunzwa vyema hamkatazi juu kwa juu, wala hanyamazi. Humuuliza dawa anazitumia saa ngapi, daku anakula nini, nani yuko naye mchana. Humhimiza aende kliniki kabla mwezi haujaandama, maana insulini na baadhi ya vidonge vikitumiwa tumbo likiwa tupu huweza kushusha sukari kwa hatari, na daktari ndiye wa kuamua kama afunge na dozi ipangwe vipi. Tena humweleza dalili: akitokwa na jasho, akitetemeka, akichanganyikiwa, afungulie papo hapo.

Kwa hiyo kipimo changu ni maswali. Baada ya mafunzo, mhudumu anauliza zaidi na kudhani kidogo? Miezi michache ikipita, mzee aendewe nyumbani: uliulizwa ungependa nani akuogeshe? Uliulizwa lugha unayoielewa vizuri zaidi? Na yaulizwe hayo hayo kabla ya semina pia, la sivyo hatutajua kilichobadilika.

Anayeuliza asiwe mhudumu wala msimamizi wake. Mzee hamsemi mtu anayekuja kumpima presha. Huogopa asije akasusiwa. Wala mwanawe asimjibie. Atumwe mzee mwenziwe kutoka mtaa wa pili, na kule Likoni awe anajua Kidigo. Alipwe nauli na muda wake, maana hiyo ni kazi. Kaunti na mashirika yanapopanga bajeti ya semina ijayo, naomba fungu hilo liandikwe kwanza, kabla ukumbi haujakodiwa.