Arctic Monkeys hawakuletwa na MySpace

Kila Arctic Monkeys, ile bendi ya roki ya Uingereza, wanapotajwa, hakosi mtu wa kusema, "Aa, wale walioletwa na MySpace," yaani ule mtandao wa kijamii wa zamani ndio uliowapa umaarufu. Mimi hubisha. Nimebisha hadi rafiki zangu wamenichoka, basi leo nabishana nanyi.

Twendeni kwanza High Green, kitongoji cha pembezoni mwa Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliojijengea jina kwa chuma na visu. Alex Turner na jirani yake Jamie Cook walipewa magitaa kwa zawadi ya Krismasi ya 2001, na mwaka uliofuata wakaunda bendi na wenzao wawili. Andy Nicholson alishika besi. Matt Helders akaangukia ngoma kwa sababu ndizo zilizokuwa zimebaki. Juni 2003 wakapiga shoo yao ya kwanza kwenye baa ya The Grapes, palepale mjini.

Baadaye wakarekodi nyimbo za majaribio, wakachoma CD na kuzigawa bure kwenye shoo zao. CD zikawa chache, watu wengi. Waliozipata wakaziingiza kwenye kompyuta na kuwarushia wenzao. Hata ule ukurasa wa MySpace ulifunguliwa na mashabiki, wala si wanabendi.

Sasa nijibuni: wakati ule si kulikuwa na bendi chungu nzima humo MySpace? Mbona hizo nyingine hatuzijui?

Kwangu mimi jibu limo kwenye maneno. Turner aliimba foleni ya teksi usiku wa manane, mabaunsa wenye jeuri mlangoni, vijana wanaotafuta ugomvi na wasichana wanaojifanya hawakuoni. Tena aliyaimba kwa lafudhi ya kwao Sheffield, bila kuipiga pasi. Kiingereza changu cha shule kilinitupa mkono kabisa. Ilibidi nisikilize wimbo mmoja mara nne ndipo nishike mstari. Ni kama Mmombasa anayekataa kuimba kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Kijana wa Sheffield aliposikia sauti ile alijua huyu anatoka mtaani kwake, na kitu cha mtaani kwako hukai nacho peke yako. Ndiyo maana watu walifika kwenye shoo wakiwa wamekwisha kariri nyimbo ambazo hazijawahi kuuzwa dukani. Intaneti ilikuwa baiskeli tu.

Juni 2005 walisaini na Domino, lebo ndogo ya kujitegemea. Oktoba wakaujaza ukumbi wa Astoria jijini London, na singo yao ya kwanza chini ya Domino ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Uingereza. Albamu ikatoka Januari 2006: nakala 363,735 katika wiki ya kwanza. Hakuna albamu ya kwanza ya bendi iliyokuwa imeuzwa kwa kasi hiyo Uingereza.

Na hapo ndipo wanaonibishia huishiwa maneno. Nyimbo nyingi za albamu ile zilikuwa zimeshazagaa mtandaoni bure. Wenye makampuni ya muziki walikuwa wakilia kwamba cha bure kinaua soko, na hawa watu wakatoa pesa kununua walichokuwa nacho tayari!

Sisemi yote yalikwenda sawa. Nicholson hakudumu; 2006 hiyohiyo aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Nick O'Malley. Nami humwonea huruma, maana mwaka uliofuata tu wenzake ndio waliofunga jukwaa, nafasi ya nyota wa shoo, usiku wa kwanza wa Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza.

Ukiipata albamu ile, litazame jalada. Hakuna mwanabendi hata mmoja. Kuna rafiki yao tu, sigara mdomoni, macho mazito, aliyepigwa picha baada ya kupewa pesa ya kwenda kunywa.