Dude Letu Wameliharibu, Shemeji Anacheka

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini jana usiku nimemaliza ile filamu ya *Alien* ya 2017, ile yenye jina la Covenant, na lile dude la angani limetoka kifuani mwa mtu likiwa na mikono, miguu na umbo lote la ukubwani. Kadogo, kamesimama wima, kananyoosha mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa. Nikarudisha nyuma. Bado kana mikono.

Kwani mwaka 1979, filamu ya kwanza, lilitokaje? Mnajua wenyewe. Kinyoka kile, meno mbele, kikaangaza huku na huku, kikatimka. Kikaenda kujificha, kikajivua gamba, kikarudi jitu. Ndio utaratibu huo. Mnyama mwenye heshima zake hazaliwi mtu mzima!

Shemeji, aliyekuwa amelala kwenye kochi tangu mwanzo, akafumbua jicho moja. "Shemeji, kwani hilo dude lipo?"

Nikamjibu kwa utulivu wa mtu aliyesoma. "Halipo."

"Sasa wanaliharibuje?"

Hapo nikaona nimpe somo, maana ujinga wa ndugu ni aibu ya nyumba nzima. Nikaweka mto sakafuni: yai. Soksi: kinyoka. Glavu: yule mdudu wa kukumbatia uso, anayetoka yaini na kumpandikiza mtu kinyoka kifuani, nikalala chali nikajibandika mwenyewe ili aelewe. Mke wangu akapita, akanitazama nilivyo, akaendelea na safari yake bila kuuliza. Nikaichomoa soksi kifuani, chini ya shati, taratibu, kwa sauti zake zote.

Shemeji akafikiri. "Limekula nini?"

"Nani?"

"Hilo soksi. Limetoka dogo, saa chache baadaye linafika darini. Huo mwili limeutoa wapi?"

Nikamwambia hilo si swali la msingi. Akasema mwenye kuleta baiolojia ni mimi.

"Na mayai anataga nani?"

Malkia wao, nikasema, tangu filamu ya 1986. Na kwa kuwa mimi ni mtu mkweli, nikaongeza kwamba ile ya 1979 walipiga kipande ambacho nahodha mwenyewe anageuka yai, wakakikata, kikarudishwa kwenye toleo la 2003.

"Kwa hiyo yai ni la malkia au la nahodha?"

Sikumjibu. Ya 1997, ambayo malkia anazaa kwa tumbo, tena kwa uchungu, sikuigusa kabisa. Ningempa silaha.

Hivi nani aliwaambia kwamba kitu cha kubuni hakina kanuni? Damu ya lile dude inatoboa chuma, sakafu hii mpaka ile ya chini. Ndiyo maana ukiwa ndani ya chombo angani huwezi kulimiminia risasi ovyo. Ukiliua, unatoboa chombo chako. Hofu yote imekaa hapo! Siku mwandishi akiamua damu ni maji, mimi nitaogopa nini, meno? Hata mbwa wa jirani ana meno. Halafu ukilalamika unaambiwa huna kazi ya kufanya.

Godzilla naye, lile jitu la filamu za Kijapani, mwaka 1998 Marekani ilimfanya mjusi anayekula samaki, makombora ya ndege yakammaliza. Godzilla, kwa makombora! Wajapani mwaka 2004 walimleta tena yule mjusi wakimwita Zilla tu, wakamkutanisha na Godzilla mwenyewe pale Sydney. Hakuchukua raundi. Hao ndio watu wenye heshima.

Na hawa mazombi wanaokimbia? Umekufa, umeoza, nyama zinaning'inia, halafu unanipita mbio mimi niliye hai ambaye ngazi tatu tu goti linalia. Na hili goti nalo sijui limetoka wapi. Halikuteguka, halikugongwa, limeamka tu asubuhi limebadilisha tabia. Daktari anasema ni umri. Sasa kama ni umri, lile la kulia mbona halijui? Si tulizaliwa nalo siku moja?